Mbao Sita za Bi Mwanaasha

Telesphory alisimama juu ya sakafu ile siku tatu nzima kabla hajajua kwamba amesimama juu ya udongo.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 1980, nyuma ya ghala la kijiji pale Mlandizi. Gari lilikuwa Kombi kuukuu, ya zile ambazo Wazungu huzigeuza nyumba: ndani mna kitanda cha kukunja, kabati, sinki dogo kama bakuli la kunawia, jiko la gesi na mapazia ya maua. Mume na mke mmoja walikuwa wametoka nalo Ulaya kwa barabara, wakalala humo majangwani na maporini miezi saba, na walipofika Mlandizi injini ikafa. Walisubiri vipuri wiki sita. Mwishowe walimkabidhi mwenyekiti wa kijiji ufunguo, wakaenda Dar es Salaam kupanda ndege.

Kwa miaka mitano gari lilikaa pale pale. Matairi yaliisha upepo, rimu zikazama mchangani, kuku wakataga chini yake. Aliyelifufua ni nesi Eugenia wa zahanati ya Magindu. Masika ya mwaka uliotangulia alikuwa amewatuma kina mama wanne hospitali ya Tumbi, kila mmoja akibebwa juu ya kitanda mabegani mwa wanaume. Watatu walirudi na watoto. Wa nne alirudishwa amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo Eugenia alikwenda mkutano hadi mkutano, kijiji hadi kijiji, akisimama mbele ya watu na kusema neno moja tu: kuna gari Mlandizi limelala. Mwishowe ikapatikana injini iliyotumika, na dereva Fabian, ambaye pia alikuwa fundi makanika, akaifunga. Gari likanguruma. Lililobaki lilikuwa kazi ya seremala: kutoa vyombo vya Wazungu, kutengeneza mahali pa mgonjwa kulala, na kuangalia sakafu, maana kona moja ilikuwa inabonyea.

Telesphory alikuwa mtu wa Bukoba. Alikuja Kibaha mwaka sitini na tisa kufanya kazi ya ujenzi, kazi ikaisha, yeye akabaki. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye maneno machache, na katika miaka ishirini ya useremala hakuwahi kutandika sakafu bila pima maji ya kuhakikisha imelala sawa. Siku tatu za kwanza alifungua kabati, kitanda na sinki. Siku ya nne alikamata ukingo wa zulia la plastiki, akalivuta.

Chini yake plaiwudi ilionekana nzima, na mistari yake ya mti ilikuwa bado inaonekana vizuri. Akachukua patasi ili aanze kung'oa pale kwenye kona iliyobonyea. Hakuhitaji nyundo. Patasi ilizama yenyewe mpaka kwenye mpini.

Akaichomoa, akaitazama. Ilikuwa na udongo.

Akakwangua kwa kidole. Ubao ulikuwa umebaki ngozi tu, nyembamba kama karatasi ya kufungia sukari. Chini ya ngozi hiyo kulikuwa na udongo mwekundu, umeshindiliwa vizuri, unene ule ule wa plaiwudi, kutoka ukuta hadi ukuta. Skrubu zote zilikuwa zimesimama mahali pake ndani ya udongo, kama vigingi. Akainamisha kichwa na kusikia mlio, mwembamba, unaopanda na kushuka, kama mvua inayonyesha kijiji cha mbali.

"Fabian," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo. Njoo na nesi."

Wakaja wote wawili. Telesphory alichukua pima maji, akaiweka juu ya udongo ule. Povu la hewa likatikisika kidogo, likatulia katikati kabisa.

Fabian aliinama chini ya gari, akakuta njia yenyewe. Mfereji wa udongo mnene kama kidole gumba ulikuwa umetoka mchangani, umepanda kwenye rimu ya gurudumu la nyuma, umezunguka ekseli, ukaingia kwenye tundu la chuma lisilozidi shilingi.

"Mchwa," alisema. "Walikula ubao, wakaweka udongo mahali pake ili sisi tusijue."

"Hawakufanya kwa ajili yetu," alisema Eugenia. Alikuwa amepiga magoti mlangoni, mkono wake uko juu ya udongo, hausogei. "Hawa hawajui hata kama tupo."

Walikaa pale kwa muda, watu wazima watatu, wakisikiliza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga sepetu. Baadaye Telesphory alisema kwamba katika maisha yake alikuwa ameona majumba makubwa, alikuwa ameona kanisa la kwao na meli ya Mwanza, lakini hakuwahi kuona kazi kama ile, iliyofanywa gizani na viumbe wasio na macho, na ikasimama sawa na pima maji.

Udongo ule ulijaza matoroli mawili. Kuku wa kijiji walishinda pale mpaka jua linazama. Chuma cha chini kilikuwa na kutu, lakini kilikuwa kizima; Fabian aliziba matundu, akakipaka lami.

Sasa swali likawa ubao. Plaiwudi haikuwepo. Telesphory alikwenda Dar es Salaam mara mbili, akarudi na jibu lile lile, kwamba labda mwezi ujao. Na hata ingekuwepo, alikuwa ameshaona mwisho wake. Alitaka mti ambao mchwa hawauli, na katika miti ya pwani aliyoifahamu, huo ulikuwa mkongo. Akaambiwa wapasuaji mbao wako Kisarawe, upande wa Mzenga. Akapanda baiskeli alfajiri, akafika huko adhuhuri, nywele zake nyekundu kwa vumbi.

Wapasuaji hawakuwa na kitu. Mkongo wote mzuri ulikuwa umeshachukuliwa, na uliobaki msituni ulitaka kibali cha kusubiri miezi. Mmoja wao akamhurumia, akamwelekeza nyumba ya marehemu Shomari, aliyekuwa mpasuaji hodari kuliko wote enzi zake. "Mjane wake yupo. Pengine kuna kipande kilichobaki uani."

Mjane huyo ndiye Bi Mwanaasha. Telesphory alimkuta kibarazani anasuka ukili, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali wewe. Ingia ndani, mtungi uko kushoto, unywe maji."

Akaingia. Alipoinua kata mdomoni macho yake yalipanda juu darini, na maji yakamwagikia kifuani. Juu ya boriti zilipangwa mbao sita, nyeusi kwa moshi, kila moja na urefu wa mtu na upana wa kutosha. Seremala haulizi anapoona kitu kama hicho. Mkono unakwenda wenyewe. Akanyoosha mkono, akagonga kwa kifundo cha kidole. Mlio ulirudi mzito na mfupi. Mkongo.

Akatoka nje, akaketi ukingoni mwa baraza.

"Bibi, zile mbao unaziuza?"

Bi Mwanaasha hakuacha kusuka. "Zile zina mwenyewe."

"Yuko wapi, nizungumze naye?"

"Unazungumza naye."

"Basi nakuomba uniuzie."

Bibi akamtazama juu ya miwani. "Wewe si Mwislamu."

"Mimi Mkristo, bibi. Mtu wa Bukoba."

"Ndiyo maana. Zile ni viunza vyangu, mwanangu. Sisi maiti hatumzikii kwenye sanduku. Ndani ya kaburi anachimbiwa mwanandani, analazwa humo kwa ubavu, halafu anafunikwa kwa mbao ili udongo usimwangukie. Zile za kunifunika mimi."

Telesphory alisimama. "Nisamehe, bibi. Sikujua. Nisamehe sana."

"Kaa chini. Hujaniua." Kinywa chake kilikuwa kinataka kucheka. "Nieleze kwanza, mtu anatoka Mlandizi kwa baiskeli kutafuta mkongo wa nini?"

Akamweleza. Alimweleza habari za Kombi na Wazungu, na nesi Eugenia, na kina mama wa Magindu wanaobebwa vitandani. Alipofika kwenye mchwa, mikono ya bibi iliacha kusuka. Akamtaka arudie. Akauliza kama kweli skrubu zilikuwa zimesimama, kama kweli udongo ulikuwa sawa kila mahali, na mlio ulikuwaje. Telesphory akarudia yote, na alipokuwa akirudia aliona uso wa bibi ukifunguka, kama uso wa mtu anayesikia habari za ndugu yake wa zamani.

"Shomari angependa kuona hilo," alisema.

Kisha yeye naye akamwambia habari za mbao. Mkongo wenyewe uliangushwa na upepo mwaka wa njaa, mti mkubwa ambao watu watatu hawakuweza kuukumbatia. Shomari na mwenzake waliupasua kwa msumeno wa mikono, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni. Nyingine aliziuza. Kumi na mbili alizileta nyumbani kichwani, mbili mbili, akasema: sita zako, sita zangu, tusije tukasumbua watu. Zake zilikwenda naye mwaka sitini na nane. Zilizobaki Bi Mwanaasha alilala chini yake kila usiku tangu hapo.

"Hukuwa unaogopa?" aliuliza Telesphory.

"Niogope nini? Mbao?" Akashika tena ukili wake. "Kutoka huko Magindu mpaka Tumbi, kwa kitanda begani, ni mwendo wa muda gani?"

"Kiangazi, wakitoka alfajiri, wanafika magharibi. Masika, Mungu ndiye anayejua."

Bibi alitazama uwanja wake uliofagiliwa.

"Mchwa hawali mkongo," alisema bibi.

"Hawali, bibi."

"Mimi watanila. Nitakwisha kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini zile mbao hazitakwisha. Tulipomzika Shomari nilirudi hapa nikakaa, nikawaza: mbao nzuri vile ziko gizani, nzima, hakuna anayeziona wala kuzigusa, na zitakaa hivyo mpaka Kiyama. Nimeliwaza jambo hilo miaka kumi na miwili, na hapakuwa na mtu wa kumwambia." Akaiweka chini kazi yake. "Zichukue."

Telesphory alikuwa amekuja kutafuta sakafu tu.

Hakuzichukua siku ile. Mwana wa bibi, Adamu, alirudi kutoka shamba na jembe begani, akasikia, akakasirika. Hakumkaripia mgeni, alisema na mama yake, kwa heshima, lakini bila kulitua jembe.

"Mama, watu watasema tumeuza kaburi lako."

"Hakuna aliyeuza. Nimetoa."

"Baba alizipasua kwa ajili yako."

"Ndiyo. Kwa hiyo ni zangu."

Usiku Telesphory alilala kwa jirani. Asubuhi Adamu alikuwa amekwishakwenda kwa mwalimu wa madrasa na kurudi. Mwalimu alikuwa amemjibu kwamba dini haikutaja mti. Ubao wowote unatosha, hata miti au matete yanatosha, mradi udongo usimguse maiti. Adamu alieleza hayo akitazama pembeni. Jibu lilikuwa limemwondolea hoja, halikumwondolea uchungu.

Bi Mwanaasha akatoa sharti moja. "Sitalala chini ya dari tupu. Wewe ni fundi. Niletee kwanza mbao sita za mwembe, halafu uchukue hizi."

Telesphory alifanya kazi hiyo wiki nzima, na aliifanya kama ambavyo hakuwahi kufanya kazi yoyote. Alichagua mwembe uliokauka vizuri, akaupiga randa pande zote nne, akalainisha kingo kwa msasa ingawa alijua hakuna atakayezishika zaidi ya mara moja. Lori la kijiji lilimchukua mpaka Mzenga. Bi Mwanaasha alizipokea mlangoni, akainua moja kwa mikono yake, akaipima uzito.

"Nyepesi," alisema. "Wabebaji watanishukuru."

Adamu alipanda darini mwenyewe kuteremsha zile za mkongo. Alimpa Telesphory moja moja, na ya mwisho aliishika kifuani kwa muda kabla ya kuiachia.

Kule Mlandizi, Telesphory aliweka ubao wa kwanza juu ya meza yake na kusukuma randa. Masizi ya miaka yalitoka kama unga mweusi. Chini yake mti ulikuwa mwekundu, wa rangi ya chai iliyokolea, na mistari yake ilikwenda kwa mawimbi kama maji yanayotambaa juu ya mchanga. Harufu yake ilijaza uwanja. Waliokuwa wakipita na ndoo walisimama. Mti ulikuwa mgumu kiasi kwamba alilazimika kunoa randa kila baada ya misukumo michache, lakini hakuchoka. Kila ubao ulipofunguka aliuona umechorwa tofauti na wenzake, na zote zilikuwa zimetoka kwenye gogo moja.

Siku ya pili alizipanga chini, ubavu kwa ubavu, na kuzipima. Akapima tena. Akaenda kupima gari, akarudi. Upana wa mbao sita ukijumlishwa, baada ya kutoa sehemu za kuunganishia, ulikuwa sawa na urefu wa sakafu ya Kombi kutoka viti vya mbele mpaka ukuta wa injini. Haukuzidi wala haukupungua. Palikuwa na nafasi ya kupitisha kisu tu. Kilichotakiwa ni kupunguza ncha ili zienee kutoka mlango hadi ukuta wa pili.

Eugenia alipofika kutoka Magindu mchana alimkuta ameketi kwenye benchi, msumeno mapajani.

"Fundi, nimeambiwa tangu asubuhi umekaa hivyo. Unaogopa nini?"

"Naogopa kukosea," alisema Telesphory. "Ubao mwingine nikikosea nanunua mwingine. Huu ulikuwa wa kumfunika mtu milele."

Eugenia aliketi pembeni yake. Alikuwa mwanamke wa kuharakisha mambo, lakini safari hii hakuharakisha. "Mimi kila siku nashika kitu ambacho nikikosea hakinunuliwi," alisema mwishowe. "Mkono ukitetemeka, nangoja utulie. Kisha naanza."

Wakangoja pamoja. Kisha Telesphory alisimama, akaweka goti juu ya ubao, akakata.

Ilimchukua siku sita. Alichonga kila ukingo uingie kwenye mfereji wa mwenzake, bila kutumia gundi, ili mbao ziweze kuvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua bila kupasuka. Vipande vilivyokatwa alitengenezea ngazi ya mlangoni, maana mwanamke mwenye uchungu hawezi kuinua mguu juu. Alimaliza kwa kusugua nta ya nyuki. Kitanda cha kukunja cha wale Wazungu alikitoa kabisa. Nesi alitaka godoro chini, sakafuni, mahali ambapo mgonjwa hawezi kuanguka.

Safari ya kwanza ya gari haikuwa ya mgonjwa. Petroli ilikuwa ya shida, na mwenyekiti alihoji, lakini Eugenia alisema gari lazima lijaribiwe barabara mbaya, na barabara mbaya ilikuwa ile ya Mzenga. Walifika saa tano asubuhi. Watoto wakakimbia nyuma ya gari mpaka nyumbani kwa Bi Mwanaasha.

Bibi alitoka na kanga mpya. Alilizunguka gari kwanza, taratibu, akalitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani. Telesphory akafungua mlango wa pembeni. Jua liliingia lote kwa pamoja, na mbao zikawaka.

Bibi alivua kandambili zake, akapanda ngazi kwa kushikwa mkono, akasimama katikati. Akainama, akapitisha kiganja kwenye ubao mmoja mpaka ukingoni. Kisha, mbele ya watu wote waliokusanyika, alijilaza. Alilala kwa ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, akafumba macho.

Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mbele ya Telesphory alikuwa amelala mtu juu ya mbao zilizokusudiwa kumfunika, akiwa hai, jua likimpiga usoni, na kifua chake kikipanda na kushuka.

Adamu alisogea mpaka mlangoni. "Mama," aliita.

Bi Mwanaasha alifumbua macho. "Ni ngumu kidogo," alisema. "Lakini ina joto. Sikujua kama itakuwa na joto." Akanyoosha mkono kwa mwanawe. "Panda. Njoo uone kazi ya baba yako ilivyo ndani. Sisi tulikuwa tunaona moshi tu."

Adamu alipanda. Alikaa chini karibu na mama yake, akainamisha kichwa, na alikaa hivyo kwa muda mrefu vidole vyake vikifuata mistari ya mti. Alipoinuka hakuwa na hasira tena. Bibi aliomba azungushwe mpaka mwisho wa kijiji na kurudishwa, na alizungushwa, akiwa amelala vile vile, anatazama miti ikipita dirishani. Aliishi miaka mitatu zaidi baada ya siku hiyo, na alipozikwa kwa mbao za mwembe, Telesphory alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la kumfikisha kaburini.

Mgonjwa wa kwanza alipatikana Novemba, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza kwa nguvu. Alikuwa mwanamke mmoja wa Magindu, Biasha, mwenye mimba ya kwanza, ambaye uchungu ulimshika tangu jana yake na mtoto akawa hashuki. Telesphory alikuwa amekwenda Magindu kutengeneza meza ya zahanati. Eugenia akamwambia aache meza na apande, mikono ya kusukuma gari itahitajika.

Waliondoka saa mbili asubuhi. Barabara ilikuwa tope, na gari lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kufika saa nne, bondeni kabla ya barabara ya lami, Eugenia aligonga kiti cha dereva. "Simama, Fabian. Mtoto ameamua."

Wanaume wawili wakatoka nje na kusimama mvuani, wameligeuzia gari mgongo. Walisikia visigino vya Biasha vikigonga mbao, mlio mzito na mfupi ule ule ambao Telesphory aliusikia darini Mzenga. Walisikia sauti ya Eugenia, ya chini, isiyobadilika. Kisha visigino vikaacha, na kukawa na kimya ambacho Fabian alianza kukihesabu kwa midomo. Ndipo mtoto akalia.

Fabian alipangusa uso. Mvua ilikuwa imemlowesha, hivyo haikujulikana anapangusa nini.

Mlango ukafunguliwa kidogo. "Mtoto wa kike, mzima," alisema Eugenia. "Lakini damu ya mama haijakatika. Nataka tufike Tumbi sasa hivi."

Mbele yao maji yalikuwa yameifunika barabara, mekundu, mapana, na hakuna aliyejua ni wapi barabara inaishia na korongo linaanzia. Fabian alitazama, akatikisa kichwa. Telesphory hakungoja kuulizwa. Alivua viatu, akavunja fito, akaingia majini. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Alipapasa chini kwa fito na kwa nyayo, hatua kwa hatua, akitafuta changarawe, na kila alipoipata aliinua mkono, na Kombi ikasogea nyuma yake. Hakugeuka hata mara moja. Alisikia injini nyuma ya mgongo wake, alisikia mtoto akilia ndani ya gari, na akili yake yote ilikuwa kwenye nyayo.

Walitoka upande wa pili. Saa sita na nusu walipita kituo cha Kwa Mathias, na dakika chache baadaye walikuwa Tumbi. Wauguzi walimteremsha Biasha akiwa amepauka midomo lakini anaongea, na mtoto mikononi mwa Eugenia. Milango ikafungwa, wanaume wawili wakangoja. Saa tisa Eugenia alitoka, akaegemea ukuta, akawaambia damu imekatika, mama amelala.

Fabian alikwenda kutafuta chai. Telesphory alichukua ndoo na kitambaa, akaenda kuiosha sakafu. Alipofungua mlango akaona damu imesimama juu ya mbao bila kuzama. Mbao zilikuwa zimekutana vizuri kuliko siku alipozifunga, kwa unyevu, na hakuna tone lililopita chini. Alisimama pale na ndoo yake. Kisha akarudi mpaka kwenye bomba la uani, akaanza kusugua tope miguuni mwake, kati ya vidole, na kwenye visigino.

Fabian alirudi na vikombe viwili, akamkuta bado anasugua.

"Si unakwenda kuosha sakafu? Itachafuka na kusafishwa hapo hapo. Miguu unaisugulia nini?"

Telesphory alikumbuka kandambili za Bi Mwanaasha zilizobaki chini ya ngazi. Akaendelea kunawa.